Uani, masta au ghorofani: kabla hujalipa kodi angalia hewa kwanza

Mdogo wangu wa mwisho anaanza kazi Dar mwezi ujao. Juzi kanipigia, dada naomba nitafutie chumba, bajeti yangu laki na ishirini, nataka masta, ile yenye choo na bafu ndani, iwe na tailizi na gipsam juu. Nikamuuliza utapikia nini na utapikia wapi, kimyaa, halafu akasema hilo tutaona nikishafika. Hapana, hilo ndio la kwanza. Mimi nimekaa vyumba vya aina tatu, cha uani Tandika miaka minne, masta Mbagala mwaka mmoja na nusu, na bedsita, chumba kimoja unalala na kupika humo humo, Nairobi kule Pipeline miaka miwili mume wangu alipopata kazi huko, na mtoto wangu wa kwanza ana pumu, kwahiyo hewa ya chumba naijua kwa usiku nilioamka kumkalisha kitandani apumue. Niliyomwandikia mdogo wangu ndio haya, nimeyapanua kidogo kwa yeyote anaetafuta chumba sa hivi, awe Dar au Nairobi.

Watu wengi wakisikia hewa chafu wanawaza madaladala na viwanda. Lakini wewe unalala ndani masaa nane, mama na mtoto mdogo wanashinda humo humo. Shirika la Afya Duniani, WHO, linakadiria moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 mwaka 2020, na zaidi ya 237,000 kati yao ni watoto wa chini ya miaka 5. Kwa Tanzania serikali yenyewe imekuwa ikitaja vifo kama 33,000 kila mwaka vinavyohusishwa na kupikia kuni na mkaa.

Kuna vitu viwili vya kuvijua kabla hatujaanza kulinganisha. Cha kwanza ni chembe ndogo sana kwenye moshi, zinaitwa PM2.5, unywele mmoja upana wake ni mara thelathini hivi ya chembe moja, kwahiyo pua haizizuii wala koo halizizuii, zinashuka moja kwa moja kwenye mapafu. Tangu 2021 WHO wanasema kwa siku nzima zisizidi wastani wa maikrogramu 15 kwenye mita moja ya ujazo wa hewa, na kwenye jiko la kuni lisilo na pa kutolea moshi zinaweza kufika mara 100 ya kiwango kinachokubalika. Cha pili ni kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu wala rangi, na hii ndio mkaa unaitoa kwa wingi. Hapa ndio watu wanapopotea, maana mkaa ukishashika vizuri unakuwa mwekundu haufuki tena, mtu anasema moshi umeisha naweza kuingiza jiko ndani, kumbe ndio saa mbaya. Damu inaishika gesi hiyo zaidi ya mara 200 kuliko inavyoshika oksijeni, kichwa kinauma, mwili unalegea, usingizi mzito unakuja, na anaelala na jiko ndani mlango umefungwa wengine hawaamki.

Chumba cha uani

Nyumba ya Kiswahili tunaijua wote, korido katikati, vyumba huku na huku, nyuma kuna uani na choo na bafu na kibanda cha jiko. Wengi wanaidharau sa hivi, wanaona ya kizamani, unapanga foleni ya bafu, unasikia redio ya jirani. Lakini kwa hewa mimi nasema waliojenga hivi walikuwa na akili sana. Jiko liko nje. Moshi unapanda juu unaondoka, chumbani unalala tu. Kile changu cha Tandika kilikuwa elfu hamsini, futi kumi kwa kumi, sakafu ya simenti, dirisha la mbao la milango miwili unalifungua lote linabaki wazi na nyavu, na miaka yote minne niliyokaa pale mwanangu alikohoa kama watoto wengine wanavyokohoa.

Shida yake ipo na siifichi. Ikifika masika kuanzia Machi mpaka Mei, uani kunajaa maji, basi kila mpangaji anavuta jiko lake koridoni. Wapangaji sita, majiko sita ya mkaa, korido moja ndefu yenye mlango wa mbele na wa nyuma, na kuta za vyumba mara nyingi hazifiki mpaka kwenye bati, juu pako wazi, kwahiyo moshi wa jirani unaingia kwako hata kama wewe hujapika. Ukikuta nyumba ya hivyo muulize mama mwenye nyumba mvua ikinyesha mnapikia wapi. Akikuonyesha banda lenye bati uani, hata liwe bovu, hiyo nyumba ina faida kubwa. Akisema koridoni, angalia kama kuna dari.

Masta

Hii ndio kila kijana anaitaka na namuelewa, choo chako, bafu lako, ufunguo wako, hakuna anaekuuliza umerudi saa ngapi. Ile ya Mbagala nilikuwa nalipa laki na kumi, ilikuwa mpya inanukia rangi, tailizi zinang'aa, gipsam ina taa za pembeni. Jikoni ni kaunta ya sementi pembeni ya mlango wa choo, hatua tatu kutoka kitandani. Dirisha moja la alumini la kuslaidi.

Sasa hilo dirisha la kuslaidi ndio nataka mlitazame vizuri. Kioo kimoja kinapita nyuma ya kingine, maana yake hata ukifungua mpaka mwisho nusu ya dirisha imebaki kioo. Kipimo cha zamani cha mafundi kinasema dirisha liwe angalau sehemu moja ya kumi ya sakafu, na nusu ya hilo dirisha ifunguke, kipimo hicho kilianzia kwenye kanuni za ujenzi za Uingereza karne ya 19. Chumba cha futi 10 kwa 12 ni futi za mraba 120, moja ya kumi ni 12, yaani dirisha la futi 4 kwa 3, na la kuslaidi linakupa 6 wazi, limefikia bila hata inchi ya ziada. Langu lilikuwa futi 3 kwa 3. Wazi ilikuwa futi nne na nusu, na nyavu yake imejaa vumbi.

Juu gipsam imeziba, hakuna hewa inayotoka kule. Zile tundu za hewa ambazo nyumba za zamani zilikuwa nazo juu ya dirisha mafundi wa sa hivi wengi hawaziweki, wanasema zinaharibu muonekano. Ukikaanga samaki harufu unaamka nayo asubuhi. Na humo humo jioni unawasha dawa ya mbu ya kuzunguka, ile ya kijani. Watafiti waliwahi kupima wakakuta koili moja ikiungua mpaka mwisho chembe zake za PM2.5 ni sawa na sigara 75 mpaka 137, na mimi nilikuwa naiwasha chini ya kitanda cha mtoto mwenye pumu kwasababu nilikuwa naogopa malaria. Nikisema hivi inaniuma mpaka leo. Udi nao ni hivyo hivyo, sisi wa pwani hatuachi udi na sikwambii uache, ila chetezo kina mkaa na moshi ni moshi, fukiza mlango na dirisha viko wazi, usifukize ukafunga ili harufu ishike kwenye nguo wakati mtoto yuko ndani.

Mwezi wa tatu tu wa kukaa pale mwanangu tukaanza kwenda nae hospitali kila baada ya wiki mbili. Nikamfuata mama mwenye nyumba, nikamwamkia, nikamwambia mama naomba nitoboe matundu mawili ya hewa juu pale, moja juu ya kaunta na moja upande wa choo. Akaniambia mwanangu ukuta wangu mpya huo, na mbu je? Nilirudi mara tatu. Mwisho akakubali kwa gharama yangu, fundi akatoboa, tukaweka mabomba ya inchi nne na nyavu, elfu thelathini na tano jumla. Haikuponya pumu, pumu haiponi hivyo, lakini kelele za kifua usiku zikapungua. Nilikaa mwaka mmoja mwingine kwasababu ya hayo matundu mawili.

Ghorofani Nairobi

Pipeline ukiingia mara ya kwanza unashangaa, maghorofa ya futi chache kutoka moja hadi jingine, ghorofa saba, nane, mchana unawasha taa. Bedsita yangu ilikuwa ghorofa ya tatu, 7,500 za Kenya, dirisha linafungukia kwenye ule uwazi wa katikati ya jengo ambao unatakiwa ulete hewa na mwanga. Tatizo uwazi ule ni kama bomba. Anaepika chini makaa au mafuta taa, moshi wake unapanda unapita kwenye kila dirisha mpaka juu. Wewe unaweza kuwa na gesi, ukajisifu uko salama, kumbe unavuta makaa ya mtu wa graundi.

Halafu baridi. Watu wa Dar hawaijui hii, lakini Nairobi Juni mpaka Agosti mtu anafunga dirisha kabisa na kuna wanaoingiza jiko la makaa ndani ili wapate joto. Nimeeleza hapo juu gesi ile inafanya nini. Kila mwaka msimu wa baridi unasikia familia fulani wamekutwa asubuhi. Ukihamia Nairobi nunua blanketi nzito na soksi kabla ya kitu kingine chochote, na ukiona jirani anaingiza jiko ndani mgongee mlango umwambie, hata kama hamjuani.

Uzuri wake ni maji, usalama, na usafiri. Na kama utapata chumba cha juu kabisa au cha kona chenye madirisha pande mbili, hewa inapita, ni tofauti kama mchana na usiku. Nilimuuliza keateka, msimamizi wa jengo, mbona vyumba vya juu bei ni ya chini, akasema, "Madam, watu hawapendi ngazi." Mimi ngazi sita za kila siku ningezilipia zaidi.

Mkaa, gesi au umeme, kwa chumba kipi

Mkaa sitausema sana. Kama uko uani na unapikia nje, ni shida ya macho na kifua chako unapowasha, ila chumbani hauingii. Kama ni masta au bedsita, mkaa usiingie humo, hakuna mjadala, hata kwa nusu saa.

Gesi imebadilisha maisha ya wengi na kwa hewa ni mbali sana na mkaa. Tanzania mtungi mdogo ni kilo 6 na wa kati kilo 15, Kenya ni 6 na 13. REA, wakala wa nishati vijijini wa Tanzania, imekuwa ikigawa mitungi ya kilo 6 kwa ruzuku ya nusu bei mikoani, Kenya nayo ilihangaika na kodi, Julai 2021 wakaweka VAT ya 16% kwenye gesi, 2022 wakaishusha 8%, 2023 wakaiondoa. Ila mtungi wa kwanza sio tatizo kubwa, tatizo ni kujaza. Mkaa unanunua wa buku leo, wa buku kesho. Gesi inataka elfu ishirini na kitu kwa mpigo, na ikiisha tarehe 20 wakati mshahara tarehe 30 mtu anarudi kwenye mkaa, na anarudi nao ndani kwasababu kwenye masta hakuna uani. Hilo nimeliona kwangu na kwa majirani wote.

Gesi sio hewa safi asilimia mia lakini. Moto wake unatoa naitrojeni dayoksaidi na hiyo kwa mwenye pumu inaamsha kikohozi, kwahiyo unapopika dirisha wazi. Na gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja inakaa chini sakafuni, haitoki kwa tundu la juu, inataka mwanya wa chini, mlango. Ukisikia harufu usiguse swichi, usiwashe hata simu, fungua mlango, funga valvu, toka. Mtungi usikae karibu na kichwa cha kitanda, najua chumba ni kidogo, sogeza kitanda.

Umeme ndio safi kuliko vyote ndani ya chumba, na wengi hawaamini kuwa ni rahisi. Presha kuka ya umeme ya lita 6 ni wati 1,000, lakini haivuti muda wote, ikishajaa presha inapumzika. Nilipima kwenye luku yangu, ile mita ya umeme ya kulipia kabla, maharage nusu kilo yaliyolowekwa yalikula kama nusu yuniti. Bei ya TANESCO, shirika la umeme Tanzania, kwa mteja wa kawaida ilivyokuwa 2024 ni shilingi 292 kwa yuniti, na ukiweka VAT na makato ya REA na ya EWURA, mdhibiti wa nishati na maji, inafika kama 356. Nusu yuniti ni kama 180. Maharage hayo hayo kwa mkaa yalinichukua masaa mawili na mkaa wa elfu nzima. Ila ni presha kuka nazungumzia, sio hotpleti, ile koili inakula umeme kweli kweli.

Sasa hapa ndio sera ya serikali na nyumba ya kupanga zinapishana. Kuna bei ya D1 kwa mtu anaetumia chini ya yuniti 75 kwa mwezi, shilingi 100 kwa yuniti kabla ya kodi, kama 122 ukijumlisha, hiyo nayo ni bei ya 2024. Imewekwa kwa ajili ya mtu wa chini. Lakini mpangaji wa uani anashea luku moja na wengine watano, jumla yao wanapita 75 mapema tu, kwahiyo hao sita wenye kipato kidogo wote wanalipa bei ya juu, wakati mtu mmoja mwenye nyumba yake peke yake anapata ya 100. Juu ya hapo mama mwenye nyumba anakataza jiko la umeme, pasi yenyewe mnagombana, maana hakuna anaejua nani kala yuniti ngapi. Nairobi ni hivyo hivyo, umeme ukiwa ndani ya kodi keateka anakagua koili mlango kwa mlango, na kile kiwango cha bei ya chini tangu 2023 kimeshushwa mpaka yuniti 30 kwa mwezi, ambazo ukipikia umeme wiki mbili zimeisha. Kwahiyo unapolinganisha vyumba, luku yako mwenyewe ina thamani kuliko tailizi. Ningelipa elfu kumi na tano zaidi kwa mwezi kwa luku ya peke yangu, na ingenirudia kwenye mkaa na dawa za mtoto.

Serikali inakulinda wapi zaidi, huku au kule?

Kwenye makaratasi Kenya iko mbele. Katiba yao ya 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya makazi ya kufaa, na cha 42 mazingira safi. Wamepata kanuni mpya ya taifa ya majengo ya 2024, imeanza kutumika Machi 2025 badala ya ile ya 1968. Na wana Mahakama ya kodi za nyumba, lakini inahusu nyumba ambazo kodi haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi, na hebu niambie Nairobi chumba gani hicho sa hivi. Yangu ya 7,500 ilikuwa nje ya sheria hiyo mara tatu. Tanzania hatuna hata hiyo, sheria ya kudhibiti kodi ya 1984 ilifutwa 2005, tangu hapo ni wewe na mwenye nyumba na mkataba wenu. Haki ya mazingira safi na salama iko kwenye Sheria ya Mazingira ya 2004, ila sijawahi kuona mpangaji akaenda nayo kwa mwenye nyumba.

Kwenye kupikia mambo yanageuka, Tanzania ndio imepiga kelele zaidi. Mei 2024 Rais Samia alizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, lengo asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034, na taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 zikatakiwa kuacha kuni na mkaa. Kenya imejiwekea lengo lake la 2028. Mimi naunga mkono yote mawili kwa moyo wote. Lakini mkazo umewekwa kwenye jiko, na jiko linakaa ndani ya chumba. Anaetoa kibali cha ujenzi halmashauri hakai meza moja na anaegawa mitungi, na chumba kinajengwa bila tundu la hewa, kinapangishwa, halafu mtu anapewa mtungi akapikie humo. Kama ningepewa nafasi ya kusema sentensi moja kwa wanaopanga sera ningesema hakuna kupangisha chumba ambacho mtu atapika ndani bila tundu mbili za hewa na dirisha linalofunguka, na kila chumba kiwe na luku ndogo yake.

Njia inayofanya kazi nchi zote mbili ni afisa afya. Kenya Sheria ya Afya ya Umma sura 242 inampa uwezo wa kumwandikia mwenye nyumba notisi kama nyumba inahatarisha afya, Tanzania Sheria ya Afya ya Jamii ya 2009 vile vile. Dar anza serikali ya mtaa, muulize bwana afya wa kata, nenda na jirani zako watatu sio peke yako. Tulifanya hivyo Tandika kwa ajili ya choo kilichojaa, alikuja siku ya nne na kilinyonywa wiki ile ile. Kwa hewa hatukuwahi kujaribu, maana hakuna hata mmoja wetu aliyefikiri moshi ni jambo la kumwita bwana afya.

Sasa uchague kipi

Kama una mtoto mdogo, mjamzito, au mtu wa pumu, na hela ni ya chumba kimoja tu, nenda uani kwenye nyumba yenye banda la jiko na dari vyumbani, vumilia foleni ya bafu. Naisema hii nikijua mdogo wangu atanuna. Kama uko peke yako, unatoka asubuhi unarudi usiku, unapika mara moja kwa siku, masta inakufaa kwa sharti la luku yako na presha kuka, gesi ndogo ya akiba, na matundu ya hewa hata kama utayatoboa wewe, muandikishane kwenye mkataba kabla hujalipa ile kodi ya miezi sita, ukishalipa huna sauti tena. Ghorofani Nairobi chagua juu au kona, usikubali dirisha la kwenye uwazi wa kati ghorofa za chini hata wakikupunguzia elfu moja. Na chumba na sebule, kama mtaweza kuchanga wawili, kinashinda vyote, unapikia sebuleni unalala chumbani na mlango katikati.

Dalali atakupeleka kuangalia chumba saa nne asubuhi, watu wako kazini, hakuna anaepika, hewa safi kabisa. Mwambie sawa nimekiona, nitarudi saa moja jioni. Atakasirika, atasema kuna mtu mwingine anakitaka. Rudi hivyo hivyo. Ingia ndani, funga mlango, fungua dirisha, shika pindo la mtandio au karatasi laini mbele ya dirisha uone kama inachezacheza, kisha kaa dakika kumi kimya unuse. Mdogo wangu jana nilimpeleka hivyo kwa simu ya video na rafiki yangu wa Temeke, masta ya kwanza karatasi haikutikisika kabisa na sufuria ya jirani tulijua ina dagaa. Ya pili ina madirisha mawili na luku yake, laki na thelathini, sakafu ni simenti tu. Ameniambia atafikiria, kesho saa moja jioni anarudi kuiangalia tena.